Rangi Nyekundu ya Chingolo

Mimi vitu vipya sivipendi, niseme mapema. Birika langu lina umri wa ndoa yangu, na ndoa yenyewe ilishakufa. Hata Chingolo, programu ninayoitunza, ningeiacha vilevile mpaka nizikwe nayo, kama si ile radi ya Machi.

Radi iliupiga mlingoti wa Redio Espinillo, redio ya mtaa wetu hapa mjini Paraná, kando ya mto, ikateremka na nyaya mpaka studio, ikaichoma kompyuta. Mtu hakuumia, na paka wa redio hata usingizini hakuamka. Lakini kompyuta, kwisha habari yake. Majirani wakauza empanada, sambusa zetu za nyama, kila Jumapili mpaka wakanunua mashine mpya, na mashine mpya ikaikataa Linux yetu ya zamani, ule mfumo unaoiendesha kompyuta. Tukaiwekea toleo jipya. Nikaifungua Chingolo, haikufunguka. Kwenye skrini ikatokea sentensi moja tu: maktaba haikupatikana.

Nieleze kidogo, maana hata mama yangu nilimweleza mpaka akafa bila kuelewa. Hakuna programu inayofanya kila kitu peke yake. Madirisha, vitufe, orodha, hivyo vyote inaviazima kwenye maktaba, yaani kazi ambayo wengine wameshaiandika ili wewe usihangaike kuiandika tena. Chingolo ilikuwa inategemea maktaba moja ya madirisha, ya zamani. Waliokuwa wakiitunza walishatangaza kwamba wanahamia nyingine, wenye akili wakahama nao. Mimi nikasema aah, bado bado. Toleo jipya la Linux likaja, likaifagia ile ya zamani nje. Ni kama kurudi kutoka kazini ukakuta nyumba ipo na ngazi wameing'oa.

Chingolo kazi yake ni kupanga nyimbo, matangazo na taarifa za redio na kuvipiga kimoja baada ya kingine. Tuliiandika kwa kujitolea, kundi la watu wenye kelele, tukaipa jina la yule ndege mdogo anayelia alfajiri hata kwenye baridi. Wenzangu mmoja mmoja walipata watoto na kazi za maana. Nikabaki mimi, Edgardo Gottig. Mtaani wananiita Mrusi kwa sababu babu zangu walikuwa Wajerumani wa kule Volga, kwa Warusi. Nenda kawaeleze wewe, mimi nimechoka.

Jioni moja akaja Osmar Leiva, mwenyekiti wa kamati ya redio. Osmar ni mtu safi kupindukia. Alipokaa tu mezani kwangu akaanza kupanga vijiko kwa urefu.

"Mrusi," akasema, "kamati imekaa."

"Ikiwa imekaa, wewe umesimamia nini?"

"Sitanii, bwana. Ni habari ya Zulma."

Zulma Retamar ndiye mtangazaji wa asubuhi. Haoni tangu kuzaliwa. Kabla ya radi alikuwa akiendesha kipindi chake peke yake studioni, sikio la kushoto kwenye sauti ya kisoma skrini, ile programu inayomsomea yaliyopo kwenye kompyuta, na sikio la kulia kwenye redio. Vidole vyake kwenye kibodi huvifuati kwa macho. Kila asubuhi anasoma kina cha mto bandari kwa bandari, na watu wa visiwani hawaondoi ng'ombe wala hawawarudishi mpaka Zulma aseme. Tangu mashine mpya ije, tuliweka programu nyingine ya kuokota tu, isiyosomeka na kisoma skrini, kwa hiyo Ceferino, fundi wa mchana, alikuwa anakaa kando yake na kumbonyezea.

"Na mambo yanakwenda vizuri," Osmar akasema. "Ukweli usemwe. Kile kimya kimekwisha."

"Kimya gani?"

"Unakijua! Wimbo unakwisha, halafu hakuna kitu. Unasikia Zulma anahema tu na kibodi inalia tap tap tap. Kila Jumatatu redio inakuwa kaburi. Mimi nampenda Zulma kama dada yangu, lakini hii si kazi ya mtu asiyeona, Mrusi. Tumempa mpaka Jumatatu ya kwanza ya Mei. Chingolo ikirudi na akaendesha kipindi bila shimo, sawa, kiti ni chake. Isiporudi, au shimo likirudi, Ceferino anabaki. Yeye atazungumza tu."

"Umeshamwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Osmar akakirekebisha kijiko. "Amesema yeye si kasuku wa kuwekwa kitini aongee. Akinyang'anywa kibodi, anakwenda nyumbani."

Alipoondoka nikatukana peke yangu jikoni, kwa sauti, kwa Kijerumani kidogo ninachokijua, ambacho chote ni matusi. Kisha nikampigia Yamila.

Yamila Ocampos anakaa Santa Fe, ng'ambo ya mto. Kazi ya kuhamisha programu kutoka maktaba hii kwenda ile ameifanya mpaka imemchosha, na ulimi wake ni mkali kuliko wangu. Akaja na kompyuta yake, akafungua msimbo wa Chingolo, akauteremsha mpaka chini.

"Mzee," akasema, "hii ni programu au ni makumbusho?"

"Inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kazi."

Tukaanza. Kuhamisha programu si kazi ya maajabu, ni kazi ya kuudhi. Unaiambia kompyuta iijenge upya, inakupa makosa mengi mpaka mkono unachoka kuyateremsha. Jina hili halipo tena. Njia hii imefungwa. Hiki tunakiita vingine sasa. Unarekebisha moja, yanazaliwa mawili. Yamila alikuwa anayachinja huku anaimba, mimi nayachinja huku nalalamika, na mwisho wa yote siku moja dirisha likafunguka. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Vitufe vilikuwa vipya, vya michoro midogo mizuri, na ile orodha yangu ya vipindi ilikuwa pale pale katikati.

Hiyo orodha niliichora kwa mkono, mstari kwa mstari. Wimbo ni mstari wa kijani. Tangazo ni njano. Faili ikikosekana, mstari unakuwa mwekundu. Zile rangi kundi letu lilizigombania mkutano mzima, tukapiga na kura. Zilikuwa zinapendeza, nisiwadanganye.

Tukamwita Zulma aje ajaribu. Akaja kwa miguu na fimbo yake, akaketi mezani, nikaanza kupitisha yerba, ile chai yetu chungu ya majani. Kwetu kibuyu ni kimoja na mrija mmoja, kinazunguka, na mmoja ndiye anayemimina maji. Ukirudisha kibuyu bila neno unajaziwa tena zamu yako ikifika. Ukirudisha ukasema asante, maana yake basi, umetoka kwenye duara.

"Haya, Mrusi," Zulma akasema, "niletee ndege wangu."

Akaweka mikono kwenye kibodi. Kisoma skrini kikasema: "Kitufe." Akabonyeza. "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe."

"Kitufe cha nini?" akauliza.

Yamila akauma mdomo. Ile michoro midogo mizuri haikuwa na majina. Sisi tuliiona, tukajua kupiga ni upi na kusimamisha ni upi. Hakuna aliyekumbuka kuiambia mashine.

"Hilo ni dogo, dada," Yamila akasema haraka. "Kila kitufe natia jina, kazi ya leo leo. Nenda kwenye orodha."

Zulma akaenda kwenye orodha. Hakusikia kitu. Akabonyeza chini, juu, chini. Kimya kabisa.

"Orodha iko wapi?"

"Iko hapo hapo mbele yako," nikasema.

"Mbele yangu hakuna kitu, Edgardo."

Aliponiita Edgardo nikajua tumeharibikiwa. Orodha yangu ilikuwa picha, na picha kisoma skrini hakiioni, ni ukuta mtupu. Kwenye maktaba ya zamani nilikuwa nimefunga kijidaraja changu cha kuokoteza, cha kumsomea jina la wimbo na basi. Maktaba mpya ililitupa lile daraja na mfumo wake wote.

"Hiyo picha yako," Zulma akauliza, "ni nzuri?"

"Nzuri sana," nikasema, mjinga mimi.

"Na asubuhi studioni anayeitazama ni nani?"

Akanirudishia kibuyu.

"Asante," akasema.

Yerba ilikuwa bado mbichi, povu linaonekana, na Zulma ni mtu wa kunywa mpaka birika likauke. Akachukua fimbo yake akaondoka. Mimi nikabaki na kibuyu mkononi, na moyo ulikuwa unaniuma kweli.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha, na hapa Paraná mvua ikinyesha kila nyumba inakaanga maandazi bapa, hata kama mna msiba. Nikakaanga. Yamila akala mawili, kisha akasema:

"Tuifute orodha."

"Uifute nini?"

"Picha yako. Yote. Maktaba mpya ina orodha yake ya kawaida. Haina uzuri, lakini inajua kuzungumza na kisoma skrini yenyewe. Hatuhitaji daraja la mtu."

"Naweza kulijenga daraja upya."

"Unaweza. Halafu maktaba ikibadilika tena utalijenga tena, na Zulma atasubiri tena. Mpaka lini?"

Nikawaka. Nikamwambia yeye ni wa juzi, hajui mistari ile ilivyotokea, hajui tulivyokesha. Nikamwambia Santa Fe hawajui hata kukaanga maandazi. Akanitazama tu anatafuna. Kisha akainuka, akavuta kitambaa cha meza, maandazi yakabaki juu ya mbao, akaifunika skrini yangu nacho.

"Haya, mtunzaji. Piga wimbo."

"Kwa kitambaa?"

"Zulma anapiga kwa kitambaa kila siku."

Nikajaribu. Kitufe, kitufe, kitufe. Nilipotea ndani ya programu niliyoiandika kwa mikono yangu miwili. Nilitafuta wimbo mmoja mpaka mafuta yakaungua jikoni, na nilipobonyeza nikadhani nimeupata, kumbe nimefuta kipindi kizima cha Jumanne. Nikacheka, kisha nikaona aibu, kisha nikakivuta kitambaa nikaifuta ile picha mwenyewe, faili nzima, kabla sijabadili mawazo. Iliniuma. Yamila akanisogezea andazi.

Kuanzia hapo tulifanya kazi skrini zimefunikwa. Ndiyo sheria aliyoiweka na ndivyo nifanyavyo hadi leo. Tukatia majina kwenye vitufe. Tukaweka orodha ya kawaida, nyeupe, kavu. Nikauliza rangi zangu zitakaa wapi.

"Hazina pa kukaa," Yamila akasema. "Nimeweka safu ya neno badala yake. Hali: tayari, au haipo. Litasomwa pamoja na jina na muda."

"Linachukiza."

"Kula, mzee."

Jumatatu ya kwanza ya Mei tukaingia redioni. Zulma hakuwa ameigusa Chingolo mpya ila jana yake, saa moja hivi, na alikuwa amevaa koti lake zuri, lile la sherehe. Nilimpa kibuyu mlangoni, akatikisa kichwa. Akaingia studioni peke yake, akafunga mlango. Sisi tukabaki upande wa pili wa kioo: mimi, Yamila, Ceferino, na Osmar aliyefunga tai. Osmar alitaka kusikia anachosikia Zulma, kwa hiyo tulivuta sauti ya kisoma skrini mpaka kwenye spika ndogo upande wetu.

Zulma akasalimia. Akasoma mto, bandari kwa bandari, unapanda Corrientes, umetulia hapa kwetu. Akapiga wimbo. Kwenye spika tukasikia ile sauti ya kikaragosi ikimwambia kila kitu: jina, muda, tayari. Jina, muda, tayari. Vidole vyake vikaanza kukimbia kama zamani. Yamila akanifinya mkono. Wimbo wa pili, wa tatu, hakuna shimo. Osmar akalegeza tai.

Wimbo wa nne ulikuwa unaelekea mwisho. Zulma akasogea kwenye kitu kinachofuata, na spika ikasema:

"Tangazo la mkate wa Doña Chola, sekunde thelathini, haipo."

Mikono yake ikasimama. Akainua kichwa. Akabonyeza irudie.

"Haipo."

Wimbo ulikuwa umebakiwa na pumzi ya mwisho ya akodioni. Zulma akashuka mstari mmoja, "tayari," akabonyeza, na chamamé, muziki wa akodioni wa kwetu, ikaingia juu ya ule mlio wa mwisho bila hata nafasi ya kupitisha unyoya. Hewani hakuna aliyejua kitu.

"Haipo nini?" Osmar akauliza. "Ile 'haipo' ni nini?"

"Faili imekosekana," nikasema. "Haiko mahali Chingolo inapoikumbuka. Zamani ilikuwa inakuwa nyekundu."

"Eeh, ile nyekundu," Ceferino akasema. "Mimi nikiiona naitafuta tu faili nairudisha. Jumatatu zinakuwa nyingi."

Yamila akageuka polepole. "Kwa nini Jumatatu?"

Ceferino akainua mabega. Osmar akakohoa.

"Folda ya matangazo?" akasema. "Niliipanga Jumamosi. Ilikuwa vurugu tupu, majina hovyo hovyo. Huwa naipanga."

"Huwa unaipanga lini?" Yamila akamuuliza.

"Jumamosi. Nikija kufagia."

"Kila Jumamosi?"

Uso wa Osmar ulibadilika taratibu, akatazama kioo, akatazama kibodi ya Zulma. Alikuwa anazihesabu zile Jumatatu kichwani mwake.

Nikafungua mlango wa studio. Chamamé ilikuwa inaendelea, kipaza sauti kimezimwa.

"Zulma," nikasema, "faili zikikosekana Chingolo ya zamani ilikuwa inaonya. Tangu mwanzo."

"Inaonya vipi? Sijawahi kuisikia."

"Kwa rangi. Ilikuwa inageuka nyekundu."

Nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo wote mlikuwa mnaona?"

"Aliyekuwa na macho aliona."

"Na mimi napiga, hakiji kitu. Nabonyeza tena, hakiji." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani ni vidole vyangu, Edgardo. Kila Jumapili jioni nakaa jikoni na kibodi mbovu isiyounganishwa na chochote, nafanya mazoezi. Miaka yote. Ili Jumatatu nisikosee."

Akalia. Na mimi nikalia, mzee mzima, nimeegemea rafu ya santuri, wala sioni haya kusema. Osmar alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, tai mkononi.

"Dada Zulma," akasema, "mimi… lile nililosema kwenye kamati…"

"Ulilisema kwenye kamati tu?" Zulma akajifuta uso kwa mkono wa koti la sherehe. "Nasikia ulilisema mpaka kwa muuza nyama."

"Nililisema, ndiyo."

"Basi njoo ulirudishe panapofika mbali zaidi. Kaa."

Osmar anaogopa kipaza sauti kuliko nyoka. Akakaa. Zulma akaupunguza wimbo, akawasha kipaza sauti, akasema kwa sauti yake ya kila asubuhi: "Ndugu zangu wa mjini na wa visiwani, mwenyekiti wetu ana neno."

Osmar akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Shimo likaingia hewani, refu, tukamsikia anahema. Zulma akasubiri, uso umetulia kabisa. Nadhani alikionja kile kimya kwa raha zake.

"Kile kimya cha Jumatatu," Osmar akasema mwishowe, "nilikuwa nikikileta mimi. Nilikuwa nahamisha mafaili. Zulma hakuwahi kukosea. Kiti ni chake. Basi, ni hayo." Kisha, kwa sababu hakujua mtu anamalizaje, akaongeza: "Na mto umetulia."

Yamila alicheka mpaka akakaa sakafuni. Zulma akarudisha wimbo, akazima kipaza sauti, akanyoosha mkono hewani kiganja wazi.

"Haya, yerba yangu iko wapi? Au nayo haipo?"

Osmar ndiye aliyekimbilia birika. Akamimina mwenyewe, akajimwagia maji kwenye suruali, akampa. Zulma akanywa mpaka mrija ukalia, huku mkono wa pili uko kwenye kibodi unasikiliza kinachofuata, jina, muda, tayari. Akamrudishia kibuyu na hakusema asante. Osmar akajaza tena.